Nati ya Kushoto

Nyumbani kwetu kila kitu hukazwa kulia:
kifuniko cha jamu, parafujo ya bawaba,
hata nati za gurudumu lililotupasukia karibu na Bala,
tukalibadilisha mvuani pasipo kusemezana.
Nati ya gesi tu ndiyo mkaidi.
Hii hukazwa kushoto,
ili mkono uliozoea usijidanganye.

Iestyn hunieleza haya kila mwaka
kama habari iliyofika leo asubuhi.

Mtungi ulisafiri wima
ndani ya sanduku la pua ya karavani,
koki imefungwa, kizibo juu,
umebanwa mkanda kama kifungua mimba.
Ukilala, husema, kimiminika
kitatokea palipo njia ya mvuke.
Chini ya sanduku pana tundu la upana wa vidole vitatu.
Mwaka juzi nililiziba kwa tambara, baridi ilikuwa ikipenya;
akalichomoa mbele ya majirani,
akalining'iniza kama panya.
"Gesi ni nzito kuliko hewa, Heulwen.
Ikivuja, hushuka. Iachie mlango."

Nami nilikuwa na mazito yangu. Sikusema.

Tulifika shamba la Bi Angharad, ncha ya rasi ya Llŷn,
Aprili, upepo ukijaribu kila kamba ya kila hema,
kondoo wakitutazama kama mahakimu.
Mtungi wenyewe ulikuwa wa buluu. Wa kiangazi.
Aliununua kwa sababu ya punguzo.
Nilimwambia dukani. Nilimwambia mara mbili:
kwenye baridi, gesi ya buluu hujikunja ndani ya chuma,
haitoki hata uibembeleze.

Jiko likapiga chafya.
Ulimi mmoja wa moto, mwembamba, wa manjano,
ukalamba wavu, ukaona hapafai,
ukarudi ulikotoka.
Vibua wanne kwenye sahani, macho wazi,
wakingoja tuamue.

Sikusema "nilikwambia".
Nilivaa koti, nikavuka malisho hadi duka la shamba,
nikarudi na mtungi mwekundu ubavuni,
nikiupumzisha kila langoni,
chuma kikinila nyonga, bati la bei likigonga ting, ting.
Na mtungi mwekundu una regulata yake;
ya buluu haiuingii.
Iestyn alikuwa amekwisha kufungua mkate,
tule vikavu.

Nikaitoa kwenye mfuko wangu wa kufuma,
imeviringishwa ndani ya soksi isiyo na kisigino.
Tangu Februari ilikuwa humo.
Aliitazama. Akanitazama.
Hakuna aliyetaja soksi.

Akachuchumaa na spana, mvua ikimtiririka shingoni,
akakaza.
Akakaza tena, kwa hasira,
na nati ikazidi kulegea mkononi mwake.
Alikuwa anazungusha kulia.
Mtu huyu! Miaka thelathini na moja ya mahubiri!
Nikaweka kiganja juu ya kiganja chake
na tukageuza pamoja,
kushoto, taratibu, mpaka shaba ikakubali.

Kisha sabuni ya vyombo na brashi ya rangi.
Nikafungua koki robo, yeye akapaka povu.
Tukainamisha vichwa, nywele zikagusana.
Kiputo kimoja kikaota kwenye kiungo,
kikavimba polepole, kikiwa na anga lote la kijivu ndani yake,
kikapasuka.
"Umekiona?"
"Nimekiona."
Tukakaza kidogo tena. Tukapaka tena.
Tukangoja muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

Moto wa buluu. Mafuta ya vibua yakilia.
Akanimenyea mnofu wa shavuni, ule mtamu,
akauweka kwenye sahani yangu:
"Pale Bala," akasema, akimwambia samaki,
"njia yako ndiyo iliyokuwa sawa."

Usiku nilimsikia akishuka ngazi na tochi,
nyasi zikichakarika hadi kwenye jiko.
Akarudi, miguu barafu, akaiegemeza kwangu.
"Umefunga koki?"
"Nimefunga."
"Upande gani?"

Kimya.
Halafu kitanda kizima kikaanza kutikisika.